Tyubu yangu ya leza inatoka jasho: maji yawe baridi kiasi gani?

*"Nina mashine ndogo ya kuchonga kwa leza, ile ya wati 40 yenye tyubu ya kioo. Maji ya kuipoza yanatoka kwenye ndoo ya lita 10 kwa pampu ndogo ya kuzamisha. Asubuhi naanza maji yakiwa nyuzi 27. Baada ya dakika 40 za kuchonga yanafika 34, na maandishi kwenye mbao yanaanza kupauka. Wiki iliyopita nilitia barafu moja kwa moja ndooni, kipimajoto kikashuka hadi 14. Furaha yangu haikudumu: tyubu ilianza kutoka jasho, nikasikia mlio wa kupasukapasuka upande wa waya mwekundu, nikazima. Halafu nikitia mkono ndooni mashine ikiwa inafanya kazi, nahisi kama sisimizi wananitambaa vidoleni. Maji ni ya bomba, na nimeongeza kulanti ya gari kidogo kwa ushauri wa rafiki. Chumba changu kina joto la nyuzi 29 na unyevu wa asilimia 75. Je, nimeshaiua tyubu? Ninunue mashine ya kupoza maji, na ipi? Nina vibao 60 vya mteja vya kumaliza wiki ijayo."*

Ndugu msomaji, nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, maana hao sisimizi wa vidoleni wamenishtua kuliko barafu na jasho kwa pamoja. Huo ni umeme. Ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na umekuta mkono wako.

Washukiwa ni wawili. Wa kwanza ni pampu. Imezama majini na inatumia umeme wa ukutani, hivyo ngozi yake ya ndani ikichoka kidogo tu, ndoo nzima inakuwa na umeme. Wa pili ni tyubu yenyewe. Inafanya kazi kwa volti 15,000 hivi, na huhitaji zaidi ya hapo ili kuwashwa. Maji ya bomba yana chumvichumvi, kulanti imeongeza nyingine, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme vizuri. Sehemu ya umeme wa tyubu inaweza kupenya hadi kwenye maji, na kama mashine haina ethi ya kweli, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, itakutumia wewe kuwa ethi. Kwa barua siwezi kukwambia ni yupi kati ya hao wawili, na nakusihi usimtafute kwa vidole. Zima ukutani, chomoa plagi zote mbili, ya mashine na ya pampu, kisha mwite fundi umeme apime pampu kama inavujisha na aangalie kama ethi ya nyumba yako ipo kweli. Nimeona soketi nyingi zenye tundu la tatu ambalo nyuma yake hakuna waya wowote. Akiwa hapo, afunge pia swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja. Na baada ya yote hayo, mkono usiingie tena ndooni wakati plagi yoyote ipo ukutani, hata kama kila kitu kimetengenezwa.

Sasa tyubu. Kwa maelezo yako, sidhani kama umeiua. Mlio uliousikia upande wa waya mwekundu ulikuwa, kwa uwezekano mkubwa, umeme unaoruka juu ya kioo kilicholowa. Ule ndio upande wa volti kubwa, na tone la maji juu yake ni daraja. Ulizima upesi, na hapo ulijiokoa. Iache mashine ikae siku nzima bila umeme, mfuniko ukiwa wazi. Umeme uliobaki ndani ya pawasapulai, kile kifaa kinachoipa tyubu umeme, unaweza kukudhuru hata plagi ikiwa nje, kwa hiyo waya mwekundu na kifuniko chake cha silikoni usiviguse. Tumia macho na tochi. Tafuta nyufa nyembamba kama unywele, hasa kwenye maungio ya kioo na karibu na mahali mpira wa maji unapoingia na kutoka. Kioo cha tyubu kina mirija iliyoko ndani ya mirija: gesi katikati, maji yakiizunguka. Ukiona matone ndani ya ule mrija wa katikati, tyubu imekwisha na hakuna wa kuifufua. Usipoyaona, una matumaini.

Jasho na kupauka kwa maandishi umeyaona kama matatizo mawili. Kwangu ni tatizo moja lenye ncha mbili. Tyubu ya leza ina dari na sakafu. Dari ni joto linaloipunguzia nguvu na umri. Sakafu ni umande. Katika chumba kikavu na baridi, dari na sakafu zimeachana sana, mtu anaweza kutembea humo bila kufikiri. Kwenye chumba chako zimekaribiana hata ukisimama unagonga kichwa. Ndiyo maana namba unayosomewa na kila mtu, kwamba maji yawe nyuzi 15 hadi 20, ni ya kweli kwa mwenye chumba kikavu lakini kwako inaleta jasho.

Kwa nini joto lipauze maandishi? Ndani ya tyubu kuna mchanganyiko wa gesi tatu: kaboni dioksidi, nitrojeni na heli. Umeme huichangamsha nitrojeni, nayo inapogongana na kaboni dioksidi huikabidhi nguvu hiyo. Fikiria jengo lenye ghorofa ya chini, ya kati na ya juu. Molekuli ya kaboni dioksidi imerushwa hadi ghorofa ya juu. Ikishuka hadi ghorofa ya kati, hutoa mwanga, ule wa urefu wa mawimbi wa mikromita 10.6 usioonekana kwa macho, na huo ndio unaochoma mbao zako. Kutoka ghorofa ya kati inapaswa kushuka hadi chini ili irushwe tena, na hapo haitoi mwanga bali huachia joto. Kazi ya heli ni kulibeba joto hilo hadi kwenye ukuta wa kioo, na kazi ya maji ni kulipokea. Maji yakiwa ya moto, gesi inabaki ya moto, na gesi ya moto huwa imeshaijaza ghorofa ya kati kwa joto lake tu. Wanaotaka kushuka wanakuta ngazi imejaa watu. Umeme unaoingia ni uleule, mwanga unaotoka ni pungufu. Kumar Patel alipovumbua leza hii mwaka 1964 katika maabara za Bell Labs huko Marekani, suala la kuipoza gesi lilizaliwa nayo, na halijaondoka.

Joto hilo ni kiasi gani? Chukua volti 15,000, zidisha kwa miliampia 15, yaani mkondo wa umeme unaopita ndani ya tyubu, unapata wati 225. Mwanga unaotoka ni wati 35 hadi 40 ikiwa tyubu ni nzima. Zilizobaki, karibu wati 190, zinaingia majini, na ukiongeza joto la pampu yenyewe tuseme ni 200. Lita moja ya maji huhitaji jouli 4,200 hivi ili ipande nyuzi moja, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Kwa ndoo yako ya lita 10 hiyo ni nyuzi moja kila dakika tatu na nusu leza ikiwaka bila kupumzika. Dakika 40 zingekupandisha nyuzi 11. Wewe umepanda 7 kwa sababu leza ya kuchonga haiwaki muda wote: inaruka sehemu nyeupe na inazimika kichwa kinapogeuka. Kwa hiyo hesabu inalingana na ulichokiona, na mashine yako haina ugonjwa wa ajabu. Ndoo ni ndogo, basi.

Hata hivyo, kabla hujalilaumu joto kwa kila herufi iliyopauka, fanya jaribio dogo baada ya umeme kurekebishwa. Chonga mraba mmoja maji yakiwa 26, na mraba uleule yakiwa 33, kwa mwendo na miliampia zilezile. Wa pili ukipauka, mhusika ni joto. Yote miwili ikipauka sawa, safisha lenzi na vioo vya kuakisi; moshi wa mbao hutanda humo taratibu hadi usikumbuke mashine ilikuwaje mwanzoni. Na kama mshale wa mita ya miliampia wenyewe unashuka kadiri unavyoendelea kufanya kazi, hapo shida iko kwenye pawasapulai au waya, na hakuna maji yatakayoiponya.

Tuje kwenye umande, ambao watu wengi huupuuza. Hewa hubeba mvuke, na kila hewa ina kiwango chake cha joto ambacho kitu kikiwa baridi chini yake, mvuke unageuka maji juu ya kitu hicho. Ni kama chupa iliyotoka kwenye friji. Kuna hesabu ya haraka inayofaa pale unyevu unapozidi asilimia 50: kwa kila asilimia 5 zinazopungua kutoka 100, punguza nyuzi moja kutoka joto la chumba. Wewe una asilimia 75, zimepungua 25, kwa hiyo punguza nyuzi 5 kutoka 29. Umande wako uko kwenye 24. Maji yako yalikuwa 14! Ungeshangaa kama tyubu isingetoka jasho.

Na jasho hilo halikai kwenye kioo cha nje peke yake. Hutanda pia kwenye kile kioo kidogo cha mwisho ambako miale inatokea. Maji huumeza sana mwanga wa mikromita 10.6, kwa hiyo tone lililokaa hapo hupata moto ghafla na kuunguza ule utando wa juu. Kuna watu wanaohangaika mwaka mzima na leza dhaifu kwa sababu ya asubuhi moja ya barafu.

Basi kwa chumba chako, namba ni 25 hadi 26. Naijua hofu yako: watu wanasema 25 ndiyo mwisho. Ni kweli kwamba 18 ingekuwa bora kwa umri wa tyubu, ila 18 yenye jasho ni mbaya kuliko 26 iliyo kavu. Fidia kwa kupunguza umeme: kaa kwenye miliampia 10 hadi 12 na upunguze mwendo wa kichwa, badala ya kuifukuza nguvu kwenye miliampia 18. Ukitaka kushusha maji zaidi, shusha kwanza unyevu. Chumba chenye kiyoyozi, nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 50, umande wake hauzidi 14. Hapo maji ya 18 yanakaa kwa raha. Nunua kipima unyevu kidogo ukitundike karibu na mashine. Kwangu mimi kina thamani sawa na kipimajoto cha maji.

Kuhusu maji yenyewe, mwaga hayo uliyo nayo. Kulanti ya gari ina dawa za kuzuia kutu ambazo ni chumvi, inapitisha umeme, na ile glikoli yake hubeba joto kidogo kuliko maji na ni nzito kusukumwa na pampu ndogo. Iliundwa kwa injini ya chuma inayopita nyuzi 90. Tyubu yako haina chuma cha kulinda wala haifiki huko. Anayeihitaji ni yule ambaye chumba chake kinagandisha maji usiku, na hata huyo namshauri akimaliza kazi amwage maji yote kutoka kwenye tyubu, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kuipasua. Wewe weka maji yaliyokenekwa, yale ambayo watu huongeza kwenye betri za magari. Soma lebo vizuri usije ukabeba asidi ya betri kwa makosa. Suuza tyubu, mipira na ndoo mara mbili kwa maji hayohayo kabla ya kujaza. Funika ndoo, tumia mipira isiyopenyeza mwanga kama unaipata, na ukijani utachelewa kuja. Ukiuona, badilisha maji. Hiyo ni salama kuliko kumimina dawa moja baada ya nyingine hadi maji yawe yanapitisha umeme upya. Ndoo iwe ya plastiki.

Hapa nikupe onyo la mtu aliyeungua. Tyubu ya kwanza niliyoiua mwenyewe haikufa kwa maji ya moto. Maji yalikuwa mazuri kabisa, nyuzi 20, yametulia ndooni kama ya mtungi, kwa sababu sikuwa nimechomeka pampu. Nilikuwa na haraka, nikabonyeza, nikageuka kutafuta kitambaa, nikasikia "tik". Sauti ndogo tu. Kwa hiyo mtu akiniuliza joto la maji, mimi humuuliza kwanza kama yanatembea. Kwa tyubu ya ukubwa wako lita mbili kwa dakika zinatosha: elekeza mpira wa kurudishia kwenye chombo cha lita moja, hesabu sekunde. Kikijaa ndani ya sekunde 30 uko salama. Kikichukua dakika nzima, safisha pampu au utafute mpira uliokunjika nyuma ya mashine.

Viputo vya hewa ni ndugu wa kosa hilohilo. Kiputo kikikaa ndani ya tyubu, kioo kilicho nyuma yake hakipozwi, kinapata moto mahali pamoja tu huku jirani yake ni baridi, na kioo hakipendi mambo hayo. Angalia kwa tochi kila unapoanza. Mdomo wa kutokea maji uelekee juu. Kama umeelekea pembeni, hewa itajificha kwenye mgongo wa tyubu. Inua upande mmoja wa mashine huku pampu ikifanya kazi, utaviona vikikimbia. Mpira wa kurudishia uzamishe chini ya uso wa maji ili pampu ikizimwa tyubu isijimwage na kuvuta hewa. Na siku ukikuta leza imewaka bila maji, usikimbilie kuwasha pampu. Zima leza, subiri tyubu ipoe yenyewe nusu saa, ndipo maji yapite. Maji ya baridi kwenye kioo cha moto ndiyo yanayomalizia kazi.

Umeniuliza mashine ya kupoza. Nitakwambia ninavyoziona, bila kumpendelea muuzaji yeyote.

Njia ambayo ningeanza nayo mimi ni pipa. Lita 100 badala ya 10, na joto litapanda nyuzi moja kila dakika 35 za leza kuwaka mfululizo. Hakuna kifaa cha kuharibika. Ubaya wake ni uzito wa kilo 100 sakafuni, maji mengi ya kubadilisha, na kwamba pipa likishapata joto huhitaji usiku kucha kurudi, tena haliwezi kuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Kwa chumba cha nyuzi 29 pipa peke yake litakukalisha kwenye 29 au juu yake kidogo. Unafanya kazi, lakini karibu na dari.

Pipa au ndoo pamoja na chupa za barafu ni jambo jingine. Barafu uliitumia vibaya. Yenyewe haina kosa. Jaza maji kwenye chupa ya lita moja, acha nafasi juu kwa sababu itatanuka, gandisha, funga vizuri, halafu iweke ndooni ikiwa nzima. Kwa njia hiyo maji yako yaliyokenekwa hayachanganyiki na barafu ya bomba, na joto linashuka polepole. Chupa moja ya namna hiyo humeza joto la kama nusu saa ya leza kuwaka bila kupumzika, na kwa kuchonga kwa kawaida utapata muda mrefu zaidi. Weka chupa mbali na mdomo wa pampu ili maji ya baridi yasivutwe moja kwa moja, na kipimajoto kikae pale maji yanapoingilia kwenye tyubu. Kikifika 25, toa chupa. Ni kazi ya kukaa macho, lakini kwa mtu anayechonga saa mbili tatu kwa siku inatosha kabisa.

Mashine zinazouzwa kwa jina la vipoza maji zina familia mbili, na watu hupoteza fedha kwa kutozitofautisha. Ile inayoitwa CW-3000 ndani yake ina rejeta, feni na pampu, basi. Haina kompresa. Uwezo wake unaandikwa kuwa wati 50 kwa kila nyuzi, maana yake ili itoe wati zako 200 maji lazima yawe nyuzi 4 juu ya joto la chumba. Jumlisha: 29 na 4 ni 33. Ungenunua kifaa kizima ili kikufikishe palepale ulipo leo. Rejeta ya gari au ya kompyuta uliyoifunga mwenyewe ina mpaka uleule, na ikiwa ya alumini ikakutana na shaba mahali fulani kwenye mzunguko, kutu itaanza.

CW-5000 na wenzake wana kompresa kama ya friji na uwezo wa kuondoa wati 700 na ushee, zaidi ya mara tatu ya unazozihitaji. Hiyo ndiyo inayoweza kwenda chini ya joto la chumba, na kama kazi yako ni ya kila siku, hiyo ndiyo jibu langu. Kwa macho zinafanana na ile ndogo, kwa hiyo inyanyue: yenye kompresa ni nzito, na lebo yake inataja aina ya gesi ya kupoza. Ukiiwasha, iweke kwenye 25 au 26 kwa mkono. Usiiachie namba iliyotoka nayo kiwandani, na usiifuate ile hali ya kujirekebisha bila kuilinganisha na umande wako. Jambo moja wauzaji hawalisemi: joto linalotolewa majini linapulizwa chumbani pamoja na joto la kompresa yenyewe. Ukiiweka chini ya meza kwenye chumba kidogo kilichofungwa, ndani ya saa moja utakuwa unapigana na mashine yako mwenyewe. Ikikaa upande wa pili wa ukuta, ni bora.

Vile vibamba vya umeme vyenye upande wa moto na upande wa baridi vinavutia kwenye video, lakini kwa wati 200 utahitaji vingi, vitakula umeme kuliko leza, na bado utatafuta pa kupeleka joto la upande wa pili. Mpira uliozungushwa ndani ya friji kuukuu pia sikushauri. Friji ya nyumbani imeundwa kutunza ubaridi, na mzigo wa wati 200 usiokoma huichosha kompresa yake mapema.

Chochote utakachochagua, funga swichi ya mtiririko kwenye mpira wa kurudishia. Kwenye pawasapulai nyingi za leza kuna tundu la ulinzi wa maji, limeandikwa WP au P; maji yakisimama, swichi inafunguka na leza inakataa kuwaka. Mashine ya kupoza yenye waya wa kengele ya hatari inaweza kuunganishwa hapohapo. Ni kifaa kidogo sana. Kingeokoa ile tyubu yangu.

Mwite fundi wa leza mwenyewe aje, usijaribu peke yako, ikiwa mlio wa kupasukapasuka utarudi baada ya tyubu kukauka, ikiwa mwanga wa ndani ya tyubu umetoka kwenye zambarau na kuwa mweupemweupe, ikiwa kuna harufu kali kama ya baada ya radi karibu na waya mwekundu, au ikiwa tyubu inahitaji kubadilishwa. Kubadilisha tyubu ni pamoja na kupanga upya miale isiyoonekana, na jicho likiungua halina kipuri.

Kuhusu vibao 60, usimwambie mteja kwamba haiwezekani, mwambie siku mbili zaidi. Siku ya kwanza ni ya fundi umeme, na pampu ikikutwa na kasoro nunua nyingine, usiifunge kwa gundi. Siku ya pili ni ya kukausha, kusuuza na kujaza maji yaliyokenekwa. Halafu anza alfajiri chumba kikiwa hakijapata joto, lakini soma kipima unyevu kwanza, maana alfajiri unyevu huwa juu na sakafu yako ya umande haishuki sana. Chonga vibao kumi kumi kwa miliampia 10, na kibao cha kwanza kiwe cha mbao chakavu. Andaa chupa sita kwenye friza, mbili zikiwa kazini. Kipimajoto kikigusa 28, simama, hata kama kibao kimebaki nusu. Mashine nyingi zinakubali kusitishwa na kuendelea palepale, ila lijaribu hilo kwenye kile kibao chakavu kabla hujaliamini kwenye cha mteja.